Kompresa Ilipolia Tena Uani Kwetu

Marahaba, wajukuu. Najua hamjaniamkia, lakini nimeshaitikia, tuendelee. Nataka kuwaeleza kazi ya kupiga mchanga ekseli za magari ya porini. Ndiyo iliyotulisha, na ndiyo iliyonichukulia mume.

Babu yenu alikuwa fundi katika gereji moja pale mjini Singida. Magari yaendayo machimboni na maporini hurudi na ekseli zimeganda tope, grisi na kutu, hujui chuma kinaanzia wapi. Wao walikuwa na kompresa. Inasukuma upepo kwenye mpira, upepo unabeba mchanga mkavu, na ule mchanga unakung'uta uchafu wote. Ekseli inabaki kijivu, kavu, inangoja rangi.

Jioni alirudi hapa kwetu Mwankoko kwa baiskeli, mweupe kichwa hadi viatu. Watoto walimwita mzungu, naye akawakimbiza uani mpaka kuku wanatawanyika. Mimi nilikuwa nimeshabandika maji.

"Mama watoto, usinisogelee kabla sijaoga. Nitakuchubua."

"Nani kakwambia nataka kukusogelea? Nenda bafuni huko."

Ndivyo tulivyopendana, kwa kufukuzana.

Gereji iliwapa mafundi maziwa kila jioni, wakaambiwa yanaosha kifua. Yeye yake aliwaletea watoto. Alipoanza kuishiwa pumzi, hata baiskeli akawa anaikokota, majirani walisema angeyanywa mwenyewe yasingemkuta. Nikamuuliza muuguzi. Akaniambia, "Mama, maziwa yanakwenda tumboni. Vumbi limekwenda kwenye mapafu." Basi. Alimaliza kiangazi kile amekaa kitandani, mito mgongoni, na mvua za kupandia hakuziona.

Tangu hapo nimelima, nimeozesha, nimezika wengine. Watu wakaniona nimesahau. Mtu hasahau, anakosa tu wa kumwambia.

Sasa kiangazi hiki mwanangu, naye ni fundi, akanunua kompresa iliyotumika akaileta hapa nyumbani. Nilikuwa upande wa jikoni napepeta alizeti. Ikawashwa. Kwanza ikakohoa, halafu ikashika ule mlio wake, halafu nikasikia mchanga unavyochoma chuma, shaaa, shaaa. Mwili wangu haukuniuliza. Niliacha ungo, nikachochea kuni, nikabandika sufuria kubwa.

Mkwe wangu akatoka ndani. "Mama, maji yote haya ya nani? Tuna mgeni?"

"Ya kuoga."

"Si umeoga asubuhi? Au kuna mzee anakuja kukuposa, hutuambii?"

Nikamwambia akapepete alizeti. Lakini sikuondoka. Nilivuta kigoda nikakaa nikitazama njia ya baiskeli ya babu yenu, mtu mzima mimi, na nisiwafiche, nilitaka ile mashine isizimwe. Upepo wa huku mnaujua. Ulinipitishia lile vumbi usoni, nikalivuta. Lilikuwa na harufu ya shati lake.

Kisha mlio ukakatika.

"Mama! Njoo uone kazi!"

Nikaenda nyuma ya nyumba. Mwanangu alikuwa amesimama, nyusi nyeupe, kope nyeupe, baba yake hasa. Mdomo wangu ulitaka kumwita kwa jina lisilo lake. Ekseli ilikuwa juu ya magogo mawili, safi kweli, siwezi kuisingizia. Akainama akaanza kuchomoa matambara na magunzi ya mahindi aliyokuwa ameyashindilia kwenye ncha zake zote mbili.

"Hapa ndipo penye ufundi," akasema. "Lazima uzibe sana. Chembe ikiingia kwenye beringi, umemuulia mtu gari."

"Na wewe umejiziba na nini?"

Akashika kipande cha kanga kilichomning'inia shingoni, akacheka. "Mama, mimi sina beringi."

Mkwe wangu, aliyekuwa amenifuata, naye akacheka. Mwanangu akageuka pembeni akatema mate, yakaanguka kwenye jiwe, ya kijivu, mazito kama uji wa mtama.

Sikucheka. Nilikuwa nimemngoja baba yake tangu tulipomzika, na sasa alikuwa amekaribia kurudi kabisa, kwa njia nisiyoitaka.

"Zima mashine," nikasema.

"Imeshazimwa, mama."

"Basi isiwake."

"Wateja watanikimbia. Kwa mikono ni kazi ya siku nzima kwa ekseli moja."

"Wakimbie. Si wana magari?"

Akamtazama mkewe, mkewe akatazama chini. Mimi nikasimama hapo katikati yao, nikasema mara moja tu, wote wawili wasikie:

"Mchanga haupigwi tena kwenye uwanja huu. Ekseli zilowekwe dizeli, zisuguliwe kwa brashi ya waya, hata ikichukua wiki. Hiyo kompresa kazi yake ni kujaza matairi upepo. Nikisikia inalia kwa kazi nyingine, nitaukata mpira wake kwa panga."