Kushoto kwa Mlango

Mandhari nzuri ya kompyuta ni ile ambayo mtu haiangalii. Ndivyo nilivyojifunza, na kwa miaka kadhaa niliwaambia watu maneno hayo kwa sauti ya mjuzi. Picha inayokaa nyuma ya kila kitu kwenye kioo haitakiwi kupiga kelele. Upande wa kushoto uachwe mtupu, maana huko ndiko ikoni hujipanga, moja chini ya nyingine, na majina yake madogo meupe yanataka rangi moja iliyotulia ili yasomeke. Uso wa mtu ni adui. Ukiuweka kushoto, mwenye uso atakuwa na faili puani na folda mdomoni.

Naeleza haya mapema ili isidhaniwe kwamba nililofanya nilifanya kwa ujinga. Sikuwa mjinga.

Tulikaa Nsambya, kambi ya polisi, katika nyumba ya mabati ya duara. Baba alikuwa koplo kutoka kaskazini, na Kiswahili cha kambini ndicho lugha ya kwanza niliyoitumia kugombana na watu. Jua likiwaka nyumba ile ilitupika. Mvua ikinyesha tuliongea kwa mikono. Shuleni nikiulizwa tunakaa wapi nilijibu, "Karibu na hospitali." Kweli ilikuwa karibu na hospitali.

Baba alipofariki tukapewa muda wa kuhama. Nyumba ilikuwa ya kazi, na mwenye kazi hayupo. Mama hakulalamika. Alitaka jambo moja tu: apigwe picha mbele ya mlango wake kabla hatujaondoka. Alikuwa ameishi pale tangu aolewe, na hakuwa na picha hata moja akiwa pale.

Asubuhi ya siku hiyo alifua vitambaa vyake vyote, vile vya kufunika viti ambavyo wake wa polisi hushona kwa mkono huku wakisengenyana. Vyake vilikuwa na maua mekundu na ndege wa kijani wenye shingo ndefu kuliko ndege yeyote aliyeumbwa na Mungu. Akavianika kwenye kamba kwa mpangilio, vikubwa katikati. Akafagia uwanja. Akavaa kitenge cha kanisani na kandambili, kwa sababu viatu vilikuwa vimeshafungwa kwenye mizigo. Kisha akasimama kushoto kwa mlango, mikono imenyooka ubavuni kama mtu aliye kwenye gwaride.

"Mama, sogea katikati," nikamwambia.

"Hapana. Hapa ndio yangu. Ile upande ni ya baba yako."

Kulia kwa mlango ndipo baba alipokaa kila jioni kwenye kiti cha mbao akipiga buti zake kiwi. Kiti kilikuwa juu ya lori tayari. Mama akamwachia nafasi yake hivyo hivyo, tupu, nami nikapiga picha kwa simu. Moja tu, kwa sababu dereva wa lori alikuwa anapiga honi.

"Utanitolea hiyo, uweke kwa fremu," akasema. "Nitaitundika karibu na ya baba yako."

Tulihamia Mbuya, vyumba viwili. Wakati huo nilikuwa nimeanza kutengeneza mandhari na kuziweka kwenye tovuti moja ambako watu wa nchi nyingi hugawiana kazi zao bure. Nilitengeneza mandhari za matone ya maji na milima ambayo sijawahi kupanda, na hakuna aliyezijali. Jumapili moja mchana nikaifungua picha ya mama kwenye kompyuta. Mabati yalikuwa na kutu ya rangi ya chungwa. Mlango ulikuwa wa bluu iliyopauka. Vitambaa vilikuwa vimeshika upepo, ndege wote wakielekea upande mmoja. Na kushoto, pale pale zinapokaa ikoni, alisimama mama.

Kuna kifaa ndani ya programu kinachochukua kipande cha ukuta na kukibandika juu ya kitu kingine, kama fundi anayeziba tundu kwa saruji. Nilianza na kandambili. Nikapanda kwenye kitenge, nikakifunika bati baada ya bati, nikilinganisha kutu na kutu. Uso niliuacha mwisho. Nilipoufikia, mama mwenyewe akaingia na kikombe cha chai, nami nikaiondoa picha haraka kwenye kioo.

"Kazi nyingi?" akauliza.

"Nyingi, mama."

Akaweka chai, akatoka kwa ncha za vidole ili asinisumbue. Nikamaliza.

Ningeweza kuigeuza picha, kulia kuwa kushoto. Ni kubofya mara moja. Nafasi ya baba ingekuwa upande wa ikoni, na mama angebaki kulia bila kumkera mtu. Nililijua hilo, na mkono wangu ulikuwa juu ya kipanya. Sikubofya, kwa sababu nilimwonea aibu. Nilitaka wageni waione ile kutu na kusema ni sanaa. Sikutaka wamwone mwanamke wa kandambili amesimama wima mbele ya bati, wakajua kwamba huyo ni mama yangu na hapo ndipo kwetu. Bado naandika sentensi hii kwa taabu.

Halafu, kwa mazoea yale yale ya siku zote, nikahifadhi kwa jina lile lile. Picha ya zamani ikafunikwa na mpya. Kwenye simu nilikuwa nimeshaifuta ili kupata nafasi. Nilitambua baada ya siku mbili, nikatafuta kila programu ya kurudisha vilivyopotea, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Mandhari ile ilipendwa. Mtu mmoja aliandika kwamba inamtuliza kwa sababu haina mtu ndani yake. Nilivimba kichwa kwa wiki nzima.

Mama naye aliuliza kuhusu picha yake. Nikasema naisafisha. Akauliza tena, nikasema mashine ya kuchapisha imeharibika. Njia ya mwongo ni fupi, ila yangu ilirefuka kwa sababu niliyemdanganya aliniamini. Akanunua fremu mwenyewe, akaitundika tupu karibu na ya baba, akawaambia majirani, "Mtoto bado anatengeneza."

Nilikuwa nimepata kazi Nakasero, kwenye duka la kuchapisha la bosi mmoja Mkenya, mtu mkarimu anayependa sifa za wafanyakazi wake kuliko wanavyozipenda wao wenyewe. Aliweka mandhari yangu kwenye kompyuta zote za duka. Siku moja mama akaingia bila taarifa, ameshika kitambulisho anataka nakala. Bosi akamvutia kiti mbele ya kioo kikubwa.

"Karibu, mama. Unaona hii? Ni huyu kijana wako alitengeneza. Watu wa majuu wanaipenda sana."

Mama akatazama. Nilimwona akiwatambua ndege wake, mmoja mmoja. Kisha macho yakahamia kushoto kwa mlango, yakakaa hapo. Akanyoosha kidole kwenye ikoni iliyokuwa mahali pa uso wake.

"Hii ni nini?"

"Hiyo ni pipa ya takataka, mama," bosi akasema. "Kitu haina kazi unatupa huko. Lakini angalia hiyo nyumba vile imetulia. Hakuna mtu."

Nilisubiri aseme. Lingekuwa jambo la haki. Mama akashusha kidole.

"Ndiyo," akasema. "Hakukuwa na mtu."

Nilimsindikiza mpaka kwenye stendi ya boda boda. Karibu na soko akasimama.

"Ile ingine iko? Ile ya mimi?"

"Haiko, mama. Niliifuta."

Alikunja nakala ya kitambulisho mara mbili, mara nne. "Basi nitolee hii," akasema. "Vitambaa ni yangu."

Nikaichapisha kwa karatasi bora tuliyokuwa nayo, nikaileta, akaitia mwenyewe kwenye fremu. Iko ukutani Mbuya hadi leo. Mgeni akija, mama huinuka, huweka kidole kwenye kioo cha fremu, kushoto kwa mlango, na kusema, "Mimi nilikuwa hapa." Alama ya kidole imebaki pale; Jumamosi mama hufuta kioo, na Jumapili jioni alama imerudi.

Wengine humwuliza mbona haonekani. Mimi huwa nimekaa hapo hapo, na kikombe changu cha chai.

"Mtoto alikuwa bado anajifunza kazi," mama huwajibu.

Nilikuwa naijua vizuri sana.