Fizikisi ya Jikoni Kwetu

Mimi shule niliishia darasa la pili, na hata hilo la pili nililisomea zaidi nje, maana kila nikiingia wenzangu wanaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Lakini fizikisi ya fomu thrii nimeisoma. Nusu yake. Hiyo nusu nyingine ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Mwalimu wangu alikuwa binti yangu wa kwanza, na darasa lilikuwa jikoni kwetu hapa Ubaruku.

Kazi yangu ni kulisha mashine ya kukobolea mpunga. Hiyo mashine ina kelele, mke wangu akinisalimia Jumatatu mimi nasikia Jumatano. Pumba zinanijaa masikioni, ukinitingisha kidogo unapata chakula cha kuku cha wiki nzima. Basi nikirudi jioni naenda moja kwa moja jikoni, nakaa kwenye kigoda karibu na moto, nasubiri ugali na masikio yarudi.

Binti naye alikuwa anasomea hapohapo, kwa sababu mama yake alimwekea sheria: soma kwa sauti. Mke wangu ni Mnyakyusa wa huko juu Tukuyu, hana mchezo. Alikuwaga anasema, "Mtoto anayesoma kimya mimi simwamini. Sijui anasoma, sijui amelala macho wazi." Sasa mtoto anasoma kwa sauti, na vitabu vyenyewe ni Kiingereza kitupu. Sisi wawili Kiingereza chetu kinaishia kwenye gudi moningi. Tunamsikiliza tu kama watu wanaosikiliza mvua.

Siku moja nikashindwa kuvumilia. Nikamwuliza, "Mama, hicho unachosoma ni masomo au unatutukana?"

"Ni joto, baba. Joto linavyosafiri."

"Linasafiri kwenda wapi? Nauli linatoa wapi?"

Akacheka, akaweka daftari chini. "Ona huo mwiko wa chuma kwenye sufuria. Moto uko chini kabisa, lakini mama akishika huku juu anaungua. Kwa nini?"

"Kwa sababu mama yako hasikiagi. Nilimwambia atumie wa mti."

"Baba!"

"Haya, sijui."

"Pale mashineni mkishusha mzigo kwenye lori, si mnapangaga mstari? Huyu anampa huyu gunia, huyu anampa yule. Watu wamesimama, gunia ndiyo inatembea. Ndani ya chuma ni hivyohivyo. Vipo vitu vidogo vimejipanga, havitembei, vinapokezana joto."

Nikauangalia ule mwiko kama ndiyo kwanza nauona. Nikasema, "Na maji je? Maji nayo yanapokezana?"

"Maji hapana. Maji ni kama mbebaji anayebeba gunia mwenyewe mpaka juu, akilitua anashuka kuchukua lingine."

"Na jua? Kati yetu na jua hamna mtu hata mmoja wa kupokea."

Akachukua daftari, akasoma kwa ndani, akarudia, halafu akalifunga. Uso ukawaka. "Jua linarusha, baba. Halihitaji mtu katikati."

"Linarusha gunia kutoka kule mpaka hapa? Hilo jua lina mgongo kweli."

Mke wangu akasema, "Basi ulioe," na sote tukacheka mpaka majirani wakadhani tumeshinda bahati nasibu.

Kuanzia siku hiyo ikawa ndio desturi yetu. Anasoma, mimi nauliza, yeye anaeleza. Nikamwuliza kwa nini mpunga ukianikwa kwenye turubai siku ya upepo na jua dogo unakauka kushinda siku ya jua kali lisilo na upepo. Nikamwuliza kwa nini tairi la trekta likipakwa tope linateleza, na mimi nikipakwa tope silali. Maswali mengine yalikuwa ya kijinga, makusudi, nilikuwa nataka wacheke tu. Mengine sikuwa najua kweli. Yeye hakuwa anabagua. Yote anayajibu, na akishindwa anasema, "Ngoja hiyo, kesho namwuliza mwalimu." Kesho yake anaanza kunijibu akiwa bado barabarani, sauti inafika nyumbani kabla ya miguu.

Na alikuwa anafaulu. Ilikuwa shule ya kata ya kawaida, mwalimu wa fizikisi mmoja kwa watoto wote, lakini binti yangu alikuwa anaongoza. Alishasema anachotaka: awe injinia wa maji. Mifereji ya mashamba yetu imepinda mpaka maji yenyewe yanapotea njia, sasa yeye alitaka aje ainyooshe. Aliongea habari ya mfereji kama wasichana wengine wanavyoongea habari ya harusi. Na kwa hilo alihitaji fizikisi. Akiikosa hiyo, mfereji umekwisha. Hilo hata mimi wa darasa la pili nililijua.

Basi katikati ya ule mwaka akaja kaka yake mke wangu. Ana duka la vifaa vya ujenzi Mbalizi, kule Mbeya, mtu mzuri, ana huruma, na mtoto wetu anampenda kama wake. Alifika jioni akatukuta tunabishana habari ya msuguano. Binti anasema kila kitu kinachosuguana kinapata joto, mimi nasema mbona nasuguana na mama yake miaka yote na bado ana baridi. Mke wangu akanirushia ganda la ndizi. Maharage yakaungua. Shemeji hakucheka.

Tulipokwisha kula akaniambia, "Shemeji, mtoto yuko fomu gani?"

"Thrii."

"Unajua fomu thrii ni nini? Fomu tuu kuna mtihani wa taifa, fomu foo kuna mtihani wa taifa. Hapo katikati hamna kitu. Ndipo watoto wanapolala. Wakiamka fomu foo, gari limeondoka. Na huyu ninyi mnamlaza kwa vichekesho."

"Lakini anafaulu," mke wangu akasema.

"Anafaulu hapa. Dada, mtihani ni Kiingereza. Kule hawatamwuliza habari ya mwiko. Iringa kuna shule ya bweni, Kiingereza asubuhi mpaka usiku. Hakuna kupika, hakuna kufukuza ndege kwenye mpunga, hakuna baba wa kumkatisha kila mstari."

Hilo la mwisho alilisema kwa utani, akanipiga bega. Lakini ndilo lililoniingia. Nikajiona kweli, mzee wa pumba masikioni, namkatisha mtoto aliye njiani kuwa injinia. Usiku ule mimi na mke wangu tuliongea, na hatukubishana hata kidogo, jambo ambalo nyumbani kwetu halijawahi kutokea kabla wala baada. Tulimwonea huruma. Tulitaka apate kile ambacho sisi hatukukipata. Tukauza mpunga bei ikiwa bado iko chini, shemeji akaongezea, uhamisho ukapatikana.

Binti alivyoambiwa alisema, "Mimi hapa nasoma vizuri tu."

"Utasoma vizuri zaidi," mama yake akamwambia.

Akanigeukia mimi. Alikuwa ananijua, anajua mimi nikitaka jambo life naliua kwa kicheko. Akasubiri. Nikamwambia, "Nenda, mama. Hapa nakupotezea muda tu."

Nilimsindikiza mwenyewe, tranka juu ya basi, mtoto pembeni yangu na sweta jipya. Tukashuka Ipogolo, kule chini barabara kuu, tukapanda mlima kuingia mjini. Baridi ya Iringa siku ile, nakuapia, hata mbuzi walikuwa wanaulizana nani ana koti. Nilimwambia hivyo akacheka kidogo, kwa heshima, kama anavyochekewa mgeni. Getini akaniambia, "Baba, mkiendelea jikoni mniambie mnaongea nini." Nikamwambia tutaongea habari ya bei ya sabuni, wewe soma.

Na kweli, jikoni kukawa kimya. Mke wangu akahamia mwiko wa mti.

Siku ya wazazi kutembelea watoto tukaenda wote wawili na sufuria la wali wa kwetu, limefungwa kwa kanga, linanukia basi zima mpaka dereva akauliza kama tunamuuzia. Tukakaa kwenye nyasi na wazazi wengine. Binti akaja, amekonda, ila kapendeza. Nikamwuliza kwa sauti yangu ya mashineni, "Haya mwalimu, tumefika wapi?"

Akaangalia nyuma haraka. "Baba, pole pole. Hapa tukikutwa tunaongea Kiswahili tunavishwa kibao."

"Kibao cha nini?"

"Cha mbao. Shingoni. Unakaa nacho mpaka umkute mwingine anayeongea Kiswahili, unamvisha yeye."

"Hata na wazazi?"

"Na wazazi hapana. Lakini nimezoea kuogopa."

Mwalimu mmoja akapita, nikamsalimia gudi moningi, ilikuwa saa tisa alasiri. Wazazi wa jirani wakacheka. Binti yangu akainamisha kichwa. Sikumlaumu. Nilimwuliza habari ya fizikisi, akasema inaendelea. Nikamwuliza wanasoma nini sasa. Akasema kwa Kiingereza, jina refu kama treni. Nikasema, "Ndio nini hiyo?" Akasema, "Ni ngumu kuieleza, baba."

Nikadhani maana yake masomo yamekuwa makubwa. Nikafurahi, jamani. Nilirudi nawaambia watu pale mashineni kwamba mtoto wangu amesoma mpaka Kiswahili hakimtoshi.

Likizo ya Desemba alikuja nyumbani. Jioni ya kwanza nikaweka kigoda changu mahali pake, mke wangu akawasha moto, tukamsubiri kama watu wanaosubiri taarifa ya habari. Alikaa na kitabu, akasoma. Kimya. Mama yake hakumwambia asome kwa sauti, alishakuwa mwanafunzi wa bweni, tulimwogopa kidogo. Mimi nikajaribu.

"Mama, hapo wamesema nini?"

Akasoma mstari kwa Kiingereza, vizuri kabisa, bila kukwama, kama kasisi.

"Haya. Sasa kwa sisi."

Akaangalia ule mstari muda mrefu. Nikaona macho yanatembea, yanarudi, yanatembea. "Baba, najua ulivyoandikwa," akasema. "Naweza kuuandika wote bila kuangalia." Halafu akaongeza polepole, "Ila sijui unasema nini."

Mke wangu akaacha kusonga ugali.

Mimi ningeweza kuuliza. Hata swali la kijinga, la trekta, la mbuzi wa Iringa, lolote. Lakini niliona aibu ya mtoto nikaona nimpe nafasi. Nikasema umechoka na safari, mama, kula ulale. Januari akarudi bweni kuanza fomu foo.

Matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka tulikuwa tunaanika mpunga. Aliyaona kwenye simu ya jirani. Kiswahili alipata, Kiingereza alipata, historia alipata. Fizikisi alianguka, hesabu ilimburuza. Injinia wa maji hakuwepo kwenye ile orodha.

Hakulia. Alishika reki, akawa anageuza mpunga kwenye turubai, mistari imenyooka vizuri kabisa. Nikasogea. Nikasema, "Shule ilikuwa mbaya?"

"Haikuwa mbaya, baba. Walimu walikuwa wazuri."

"Sasa?"

"Kule kila mtu alikuwa anajua, au anajifanya anajua. Ukiuliza kwa Kiingereza kibovu wanakucheka, ukiuliza kwa Kiswahili unavaa kibao. Nikawa siulizi. Nikawa nakariri." Akageuza mstari mwingine. "Hapa sikuwa nakariri. Wewe ukiuliza lile swali lako la ovyo, nilikuwa najiona mimi mwenyewe sijaelewa. Ndipo naenda kutafuta."

"Mimi nilidhani nakusumbua."

"Ulikuwa unanisumbua," akasema, akatabasamu kidogo. "Ndio nilikuwa nasoma hivyo."

Nikamwambia arudie mtihani, watu wanarisiti kila mwaka. Nikamwahidi nitaacha mashine, nitakaa jikoni asubuhi mpaka asubuhi, nitamwuliza maswali ambayo hata aliyetunga fizikisi hajayawaza. Mama yake akasema atapika kwa mwiko wa chuma mpaka vidole viishe. Alitusikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Nimechoka, baba. Labda baadaye."

Mjomba wake alikuja mwenyewe kutoka Mbalizi. Alikuwa ameumia kuliko sisi, alishindwa hata kunywa chai. Akasema dukani kwake kuna nafasi, akae pale ajifunze biashara wakati anafikiria. Akasema, "Shemeji, mimi nilitaka mema." Nikamwambia najua, sote tulitaka. Na ni kweli, nyumbani pale hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemtakia mtoto mabaya. Hilo ndilo linalonishinda kulimeza. Angekuwepo mbaya mmoja ningemlaumu huyo, nikalala.

Siku ya kuondoka tulisimama naye barabarani kusubiri gari la Mbeya, mimi nimeshika begi lake, mjomba wake ameenda kununua maji. Alikuwa anauangalia mfereji ulioko ng'ambo, ule uliopinda, maji yamejaa kwenye kona na upande wa chini pamekauka. Nilitamani nimwulize kwa nini maji yanafanya vile. Swali lilikuwa mdomoni kabisa. Nikaogopa kwamba atajaribu kunijibu, ashindwe.

"Baba, usiwe hivyo," akaniambia. "Mbalizi si mbali."

"Mimi mbona sijasema kitu?"

"Ndio maana nakwambia."