Mkimya wa Mlango wa Pili

Asubuhi ukungu unapopanda kutoka ziwani, Bukavu ya ng'ambo haionekani, na mtaa wetu wa Kamembe unakuwa kama haujaamka. Ndani ya ukungu huo nasikia cherehani cha fundi Hakimu. Kinaimba, kinatua, kinaimba tena. Kikitua, ujue Hakimu amesahau kazi, anaangalia ziwa ambalo halionekani.

Mimi nauza chai na chapati mlango wa pili kutoka kwake, na mdomo, alhamdulillahi, ninao. Miaka sita fundi huyu alijibu salamu zangu kwa kutabasamu tu, na miaka sita nilimsema. Kwetu neno mkimya halitamkwi hivihivi. Mtu hulitoa huku amebinua midomo, kisha anaongeza: kimya kingi kina mshindo mkuu. Yaani huyo ana kiburi, au kuna jambo analificha.

Basi Hakimu akaposa. Alimtaka Teta, binti wa watu wa Nyakabuye. Kabla ya jibu, kama ilivyo desturi, shangazi wa binti, Mukamurenzi, alikuja kuuliza majirani. Alianzia kwangu. Akaagiza chai, akataka kujua yule fundi ni muntu gani.

"Mukimya," nikasema. Lilinitoka kwa mazoea, na midomo nikaibinua.

Mama wa watu akaweka kikombe chini, akaanza kutafuta mkoba wake. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kwa neno moja nilikuwa navunja posa ya mtu ambaye hajanikosea kitu.

Nikamshika mkono. Nikamweleza jinsi mume wangu alipofariki watu walivyojaa matangani, kila mmoja na pole yake na maswali yake. Hakimu alifunga duka siku tatu, akaketi karibu na mlango wangu, hakusema neno. Ni yeye peke yake ambaye sikulazimika kumjibu. Nililia, naye alikuwapo.

"Mukimya ni ule," nikamwambia. "Hana na majivuno. Maneno yake inabakiaka ndani, lakini yeye eko pamoja na wewe."

Shangazi alimaliza chai yake. Aliondoka, akaingia kwa Hakimu. Nilichungulia, siwezi kusema uongo. Hakimu aliinamisha kichwa, akamsogezea kiti karibu na mlango, akaendelea kushona. Hakuna aliyesema kitu. Shangazi alikaa mikono mapajani, cherehani kikiimba na kutua, mpaka ukungu ukaondoka na Bukavu ikaonekana nzima juu ya maji. Alipotoka, macho yake yalikuwa ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Kwetu tunasemaka sana, Maman," akaniambia. "Teta hajapata fasi ya kupumzika tangu azaliwe. Tutamupa ule fundi."

Nilirudi kwenye kikaango changu, nikanyamaza mpaka alasiri. Wateja waliniuliza kama naumwa.