Kiti cha Mjomba

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta hata moja, nashika brashi ndogo ya rangi na kufagia vumbi kwenye vibonye. Vumbi la Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, ni jekundu na jepesi. Hupita chini ya mlango, hupita hata kwenye matundu ya misumari ya mabati. Chuo kikuu kilichoniajiri kiko mjini Lilongwe, lakini kina chumba cha masomo hapa kambini, nami ndiye ninayekitunza: kompyuta, betri za umeme wa jua, na kisanduku chenye taa za kijani kinachotuletea intaneti. Mchana nawahudumia wanafunzi. Jioni wakishaondoka nakaa kwenye kiti kimoja walichokalia, nami nakuwa mwanafunzi. Sekondari niliimaliza nikiwa na ndevu tayari, kwa hiyo siwezi kujiita msomi. Nachukua somo moja kila muhula, na muhula ule lilikuwa la mitandao.

Somo lile lilinishangaza kuliko yote. Nilijifunza kwamba kompyuta mbili zikitaka kuzungumza, ya kwanza hubisha hodi. Ya pili hujibu: nimekusikia, nawe wanisikia? Ya kwanza hurudisha: nakusikia. Ndipo habari zenyewe huanza kupita. Niliisoma sehemu hiyo mara nyingi kuliko mtihani ulivyohitaji. Miaka yote nilikuwa nikichomeka na kuchomoa nyaya bila kujua kwamba ndani yake kuna adabu.

Mama alikuwa mshonaji wa vitenge sokoni. Siku moja nilipompelekea chakula aliniuliza mbele ya wateja wake, mguu ukiwa bado kwenye pedali, "Ile mashini yako inashonaka nini?"

"Haishoni kitu, mama."

"Haishone kitu, na banakulipa?"

Wateja walicheka hadi mmoja akaangusha kitambaa chake. Nilijaribu kumweleza habari za kubisha hodi na kuitikia. Alisikiliza, akakata uzi kwa meno, akasema, "Basi hiyo ni kitu ya heshima." Sijui kama alinielewa au alinihurumia.

Alifariki kwa presha, nyumbani, alfajiri ya Alhamisi. Baba, dada yangu na mimi tulikuwepo.

Watu walianza kufika kwenye matanga kabla jua halijawa kali. Walileta kuni, mikeka, unga wa nsima, ugali wa huku. Lakini kabla ya saa sita mazungumzo yote uani yalikuwa yamegeuka kuwa swali moja: nani atamwachilia?

Kwetu, milimani juu ya Uvira, mwanamke aliyeolewa hafunikwi udongo kabla kaka yake hajasimama kaburini na kusema kwa sauti kwamba hana neno na nyumba ya shemeji, na kwamba anamwachilia dada yake alale. Asiposema, mume atajulikana maisha yake yote kama mtu aliyezika dada wa watu kwa nguvu, na neno hilo watalirithi watoto. Kaka wa mama, mjomba wetu, alikuwa Uvira. Barabara zilikuwa zimefungwa kwa vita, na hata zingekuwa wazi, Malawi si mwendo wa kuamua asubuhi. Tena alikuwa na neno kweli. Tulipokimbia, baba aliamua tuendelee hadi huku, na mjomba alimwambia wazi, "Unamupeleka dada yangu fasi sitafika." Tangu hapo walikuwa wakisalimiana kwenye simu kwa ufupi tu, kama watu wanaopishana mlangoni.

Baba aliniita kando. Hajawahi kuniomba kitu kinachohusu kazi yangu. "We njo unajuaka hizi mambo," alisema. "Nataka batu bote bamuone mujomba yako. Si kwa simu. Simu ni ya kuficha kiganjani. Nataka aonekane kama mutu."

Makaburi yako upande wa bondeni, ambako mtandao hufika kwa kubahatisha. Kisanduku cha chumba chetu hakiwezi kuhamishwa, lakini ofisi ya chuo mjini ilikuwa na kingine, cha kubeba, chenye antena ndefu. Ijumaa nikachukua karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, nikapanda basi, nikashuka mtaa wa Area 25 na kuunganisha basi hadi ofisini, mtaa wa Area 47. Msimamizi wangu ni mama wa Kimalawi asiyependa maneno mengi. Nilipomweleza, alisimama.

"Pepani, achimwene," alisema, yaani pole, kaka. Kisha akauliza kwa Kiingereza, "Kaka yake ndiye lazima aseme?"

"Ndiye."

"Kwetu pia. Malume asipokuwepo, hatuziki." Malume ni mjomba kwa Kichewa. Alifungua kabati, akanipa kisanduku na kompyuta ya kubeba iliyo mpya kuliko zote, wala hakuniuliza nitazirudisha lini. Nilirudi nimezipakata mapajani, nikiwaza kwamba nimeishi katika nchi hii miaka yote hii nikidhani desturi ile tulikuja nayo peke yetu.

Jumamosi, makaburini, nilikuta wanawake wameshaweka kiti kando ya shimo na kukitandika kitenge, kimoja cha vile vya mama. Nilidhani ni cha baba. Mama mdogo akaniambia, "Weka mujomba hapa." Nikaiweka kompyuta juu ya kitenge. Mtu mmoja akaja na mwavuli akaushika juu yake. Nikamshukuru, nikamwambia kweli, jua linafanya kioo kisionekane. Akanitazama kama anayemtazama mtu asiye na malezi. "Mi nafunika mujomba," alisema.

Nikampigia mjomba kwa video, mtandao ukashika. Uso wa mjomba ukatokea, mkubwa, mweupe kwenye ndevu, kofia kichwani. Mabibi wawili walipiga magoti mbele ya kiti na kumsalimu, naye akawaitikia. Nilisimama nyuma na antena mkononi. Kila kitu kilichokuwa kikitokea ningeweza kukieleza kwa michoro ya darasani, na bado sikuamini.

"Shemeji, jambo," alisema mjomba.

"Jambo, shemeji," alijibu baba.

"Jambo yenu, batu bote. Dada yangu..."

Hapo akanyamaza. Macho yalikuwa yametazama chini, mdomo wazi kidogo. Baba akavua kofia. Wenye majembe wakayaegemeza. Kwaya ikaacha hata kukohoa. Watu wote wakasimama wima, wakamngoja mjomba amlilie dada yake.

Dzaleka hakuna kimya. Kuna vinu vya kusaga, ngoma za makanisa, redio. Lakini pale niliisikia kanga ya mtu ikipepea. Sijawahi kusimama ndani ya kimya kikubwa namna ile.

Kisha nikatazama kisanduku. Taa ya kijani ilikuwa imezimika. Mjomba hakuwa amenyamaza. Mtandao ulikuwa umekatika, na uso ule kitini ulikuwa picha iliyoganda.

Nilijua peke yangu. Nikiuacha uso pale, watu wangeendelea kuuheshimu, lakini maneno ya kumwachilia mama yasingekuja kamwe. Nikikata ili nipige upya, uso ungetoweka mbele ya macho ya wote, baada ya neno "dada yangu" na kimya. Nilijua wangesoma nini hapo.

Nikainama, nikakata.

Kioo kikawa cheusi. Mzee mmoja mwenye jembe alilaza jembe lake chini. "Anakatala," alisema polepole, na neno likapita nyuma, mdomo kwa mdomo: anakatala, amekataa. Baba hakugeuka kwao. Alinitazama mimi.

"Si yeye," nilisema. "Ni mimi nimekata. Mtandao ulikuwa umekufa. Ile ilikuwa picha tu."

"Picha?" mama mdogo aliuliza. "Tulikuwa tunainamia picha?"

"Hii mashini yako itatuletea mukosi, we," sauti nyingine ikasema nyuma.

Niliinua antena juu ya kichwa, nikapanda kwenye kichuguu cha udongo uliotolewa kaburini, kwa kuwa ndipo palipoinuka kuliko pote. Dada yangu akawa anabonyeza kwa niaba yangu. Iliita, haikupokelewa. Akabonyeza tena. Taa ikawaka, ikasita, ikawaka.

Mjomba alitokea akiwa amesimama. Kofia ilikuwa kifuani. Nyuma yake niliona watu wamesimama wamebanana ukutani, na watoto mbele yao, kimya kabisa. Alisogeza uso, akauliza kwa kunong'ona, "Mumemaliza?"

"Kumaliza nini, shemeji?" baba aliuliza.

"Kunyamaza. Niliona munasimama bote, hakuna mutu anatikisika. Nikasema, banamupatia dada yangu heshima. Na mi nikasimama. Nyumba nzima hapa inasimama. Mutoto moja alitaka kukojoa, nikamukataza."

Mama mdogo ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kilichokuwa na machozi ndani, kikawashika wengine.

Mjomba hakucheka. "Shemeji," alisema, "nilikuwa na neno na wewe, unalijua. Nilisema unamutupa dada yangu kwa batu bageni. Lakini leo nimeona hiyo kimya. Mutu asiyependwa hapatiwe kimya kama hiyo."

Alikuwa anasamehe kwa sababu ya picha. Watu walikuwa wameanza kutikisa vichwa kwa faraja, baba alikuwa ameinamisha uso, na ningeweza kushika antena yangu nikanyamaza. Lakini maneno ya kumwachilia mama sikutaka yasimame juu ya kitu ambacho hakikuwapo.

"Mjomba," nilisema, "picha uliyoiona iliganda. Mtandao ulikatika. Hukuwa unatuona sisi."

Aliinama karibu na simu yake hadi nikaona jicho moja tu. "Ni we, mwana wa dada yangu?"

"Ni mimi."

"Na hiyo wakati picha ilikuwa inasimama, ninyi mulikuwa munatembea?"

"Hapana, mjomba."

"Mulikuwa munaongea?"

"Hapana. Tulikuwa tumesimama. Tulidhani wewe ndiye umenyamaza."

Alirudi nyuma hadi uso wote ukaonekana. "Basi niliona muzuri," alisema.

Akarudisha kofia kichwani, akainua mkono, akasema maneno yenyewe, yale ya milimani ambayo siyaandiki hapa kwa kuwa ni ya pale tu. Akasema hana neno na nyumba ya baba. Akamwambia mama alale. Kisha akaniita tena. "Chota udongo, unionyeshe."

Nilishuka kichuguuni, nikampa dada antena, nikachota. Nikaupeleka mbele ya kioo kwa viganja viwili. Mjomba aliutazama kwa muda, udongo wa nchi ambayo hatafika, akaupulizia pumzi kule Uvira, na mimi nikautupa kwa ajili yake. Mzee akaokota jembe lake.

Jumatatu nilifungua chumba. Somo la wiki ile lilikuwa sehemu ya mbele kidogo ya mada ileile: kompyuta iliyobisha hodi ikikosa jibu hungoja, hubisha tena, hungoja zaidi, kisha huamua kwamba wa upande wa pili hayupo, na hufunga. Nilisoma hadi hapo nikasimama. Niliwaza kuhusu watu wa Dzaleka na watu wa Uvira, kila upande umesimama ukiheshimu kimya cha upande mwingine, bila waya wowote kati yao, na hakuna aliyeamua kwamba mwenzake hayupo.

Kisha nikafungua kompyuta ya ofisi ili niisafishe kabla ya kuirudisha mjini. Katikati ya vibonye kulikuwa na udongo, chembe zilizodondoka kutoka viganjani mwangu. Nilizitazama. Mwanafunzi mmoja alikuwa tayari ameegemea mlango akiuliza kama anaweza kuingia, na nyuma yake wengine walikuwa wamepanga mstari. Nikachukua brashi, nikazifagia kiganjani, nikatoka nje nikazimwaga chini, kwenye vumbi jingine. Halafu nikawaambia karibuni.