Ndoo ya Jirani

Kila Oktoba, kabla ziwa halijaganda, jirani wa Aulikki huinamia injini ya boti yake uani, akatoa vizibo vyake vya shaba ili maji ya ziwa yanayoipoza yaishe ndani, yasije yakawa barafu na kuipasua. Vizibo humpa mkewe, naye huvifunga usukanini kwa uzi mwekundu, wasivisahau barafu ikiyeyuka. Kisha jirani huchokoa kila tundu kwa waya, vidole vyake vinene vikiwa na weusi wa grisi usiosikia sabuni, akinung'unika, "Kutu ni mwongo. Huziba tundu, ukadhani maji yamekwisha."

Mwaka huu Aulikki alimpelekea mkate wa iliki. Jirani alimsukumia ndoo. "Kinga hapa, bibie, na usitikisike." Waya ukaingia, ukatoka mkavu. Tundu la pili, kavu. Aulikki akainua macho, akapigwa na butwaa: vizibo vilikuwa bado vinaning'inia usukanini, kwa uzi mwekundu na fundo lilelile la mke waliyemzika Februari.

"Kumbe boti haikushuka majini kiangazi kizima!"

Jirani aliendelea kuchokoa. "Imejaa hiyo ndoo," akasema. "Kamwage."

Aulikki akaibeba ndoo kwa mikono miwili, akaenda kuimwaga.