Mahubiri Mawili Pap Onditi

Nilitoka Nyahururu kwa sababu kanisa letu dogo lilipata mwaliko. Pasta Ouma, aliyewahi kuishi huku kwetu, aliomba watu wawili wa kumsaidia kuhubiri siku ya soko kule kwao Pap Onditi, upande wa Nyakach. Tukachaguliwa Mwinjilisti Kamau, mwenye sauti inayofika mbali hata bila spika, na mimi Wambui, fundi wa kushona, ninayependa zaidi kuzungumza na mtu mmoja mmoja.

Ijumaa alfajiri tuliondoka kwa gari la Kamau, spika zimefungwa juu kwa kamba. Muhoroni tulikwama nyuma ya trekta za miwa, tukaimba nyimbo za tenzi mpaka zikatuishia. Mchana tukawa Kisumu. Watu wa kwetu wenye maduka mjini walitupeleka ufukweni mwa ziwa kula samaki aina ya ngege wa kukaanga, na kwa mara ya kwanza nikaona maji mengi hivyo. Kamau alikula samaki mpaka kichwa.

Jioni tuliingia Pap Onditi. Kamau alilala kwa Pasta Ouma, mimi nikapelekwa kwa shangazi wa Ouma, Mama Rehema. Nilishtuka kidogo kumkuta amevaa hijabu, na msala umekunjwa juu ya kiti.

"Aliolewa na Mwislamu," Ouma akanieleza. "Mzee alikufa, lakini yeye akabaki na dini." Alisema hivyo bila kushusha sauti, kama mtu anayetaja kabila la jirani.

Tulipobaki wawili, Mama Rehema akanimiminia chai. "Nyara," akaniita, yaani binti yangu, "umekuja kuniokoa?"

Nikaona nisimdanganye. "Ningefurahi sana, Mama."

Akacheka. "Sawa. Kesho nakuja kwa soko, nasikia yako yote. Lakini jioni na wewe unasikia yangu. Yote. Hakuna kukatiza."

Tukapeana mikono.

Jumamosi, soko lilipojaa, Kamau alishika maikrofoni na Ouma akatafsiri kwa Dholuo. Mama Rehema alitimiza ahadi: aliketi mbele kabisa, mwavuli mkononi. Kamau alipomwona, akawaka moto.

"Mwoneni huyu mama!" akapaza sauti. "Anainamia mkeka mara tano kwa siku, na mkeka haujamjibu!"

Ouma hakutafsiri. Lakini wengi walikuwa wameelewa Kiswahili, na kicheko kikapita. Wanaume wawili wenye kofia za Kiislamu, wauzaji wa viatu, wakaacha biashara na kuanza kusogea. Mama Rehema hakuinuka. Alishika mwavuli kwa mikono miwili, akatazama chini.

Sikumbuki kuamua. Nilijikuta mbele, nimeichukua maikrofoni mkononi mwa Kamau.

"Samahani," nikasema. "Mama huyu nimelala kwake. Amekuja kutusikiliza, na sisi tumemcheka. Mimi namwamini Yesu na ningependa kila mtu hapa amwamini. Lakini sikusafiri kutoka Nyahururu kuja kuwaambia kwamba jirani yenu ni mjinga."

Haya Ouma aliyatafsiri, neno kwa neno. Wauza viatu wakasimama, kisha wakarudi kwa bidhaa zao.

"Dada, umeninyang'anya neno katikati," Kamau akaninong'oneza kwa hasira.

"Nimekunyang'anya tusi. Neno bado liko, endelea."

Akaendelea, kwa upole zaidi, na watu kadhaa wakaja mbele kuombewa. Mama Rehema alikaa mpaka mwisho.

Jioni ilikuwa zamu yake. Aliniambia jinsi alivyofiwa na mumewe, siku zikakosa mwanzo na mwisho, na jinsi sala tano zilivyomshika mkono kutoka asubuhi hadi usiku. Aliponiambia kwamba kwao Yesu ni nabii, si Mwana wa Mungu, nilitaka kuruka kitini. Nikauma ulimi. Alipomaliza nilijibu, naye akajibu, na hatukukubaliana. Kisha tukala ugali na omena, dagaa wa ziwani.

Jumapili baada ya ibada, Kamau alikuja pale bomani peke yake. "Mama," akasema akiwa bado amesimama, "nilikosea kukucheka. Kukuhubiria sikukosea."

"Basi keti, Bwana," Mama Rehema akamwambia. "Kunywa chai, halafu tuendelee. Nami nina maneno ya kukuambia."

Waliendelea mpaka nikawaambia tutafika kwetu usiku.

Nyumbani, kanisani, waliniuliza kama mwenyeji wangu aliokoka. Nikasema hapana, na mzee mmoja akatikisa kichwa. Sikusikitika. Nilikwenda nikidhani kwamba kumheshimu mtu wa dini nyingine ni kumficha imani yangu, au kwamba kumhubiria ni lazima nimshushe. Mama Rehema alinionyesha njia nyingine: anayetaka kusikilizwa naye akubali kusikiliza, na mlango ubaki wazi hata jibu likiwa hapana.

Bado namwombea amjue Yesu. Majuzi alinipigia simu kunijulia hali, akaniambia ananiombea nisilimu. Nikamwambia asante, na nilimaanisha.