Mama Futi Aomba Faili

Walimwita Mama Futi kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni, hata msibani. Alikuwa fundi cherehani, kazi yake akiifanyia barazani, na binti yake wa pekee alisoma sekondari ya jirani.

Siku moja binti akaleta fomu ya kuchagua masomo. Hisabati ya juu ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu.

"Nani kakata?"

"Mwalimu wa taaluma. Anasema wasichana hawaliwezi somo hilo, wanaishia kuliacha."

"Na wewe unasemaje?"

"Mtihani uliopita nilikuwa wa tatu, mama. Nalitaka."

Shangazi mtu, aliyekuwa amesimama na pini mabegani akijaribu gauni, akadakia. "Wifi, usimwache mtoto ajitafutie makuu. Atakosa mume."

"Wewe hesabu ulizikimbia, wifi. Mume uliyempata si yuleyule unayemlalamikia kila wiki?"

Shangazi akacheka mpaka pini zikamchoma.

Lakini Mama Futi hakucheka sana. Yeye mwenyewe, alipokuwa na miaka kumi na sita, aliambiwa maneno hayohayo, akaitikia "ndiyo, mwalimu" na kukaa chini. Jibu lile lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki miaka yote.

Asubuhi akafunika cherehani, akaongozana na binti hadi ofisini.

"Mama, sisi tunawaonea huruma tu," alisema mwalimu wa taaluma. "Wasichana wanaanza, halafu wanaacha."

"Walioacha ni wangapi, mwalimu?"

"Wengi."

"Wengi si hesabu. Naomba tuangalie faili."

Mwalimu aliguna, lakini akalitoa. Kwa miaka mitatu walikuwa wameingia wasichana watano. Aliyeacha ni mmoja. Wavulana waliingia sitini. Walioacha ni ishirini na wanne. Mwalimu akarudia kuhesabu kwa ncha ya kalamu.

"Sikuwahi kuziweka pamoja," alisema hatimaye, akavuta fomu mpya.

Kuingia kulikuwa jambo moja, kubaki lingine. Darasani binti alikuwa peke yake kati ya wavulana ishirini na wawili. Alipouliza swali mara ya kwanza, walicheka. Tangu hapo akafunga mdomo. Jaribio la kwanza akapata ishirini na nane kwa mia.

"Walisema kweli," alimwambia mama yake, machozi yakimlengalenga.

"Hujashindwa hesabu, umeshindwa kuuliza. Vuta kigoda. Nifundishe mimi."

"Mama, wewe hujui hata—"

"Ndiyo maana nitauliza."

Basi kila alasiri, mama akipinda mapindo, binti alieleza. Mama Futi aliuliza bila haya. Mstari ukipinda, mteremko wake unaupimaje? Kwa nini hapo na si pale? Mara nyingi binti alikwama, akarudi kitabuni, akaanza upya. Mambo mengine mama hakuyaelewa kabisa, na alisema hivyo. Ila binti alizoea kusikia swali likitoka mdomoni mwa mtu bila dunia kuanguka.

Wiki ya tano akanyoosha mkono darasani. Kicheko kikaanza.

"Anayecheka aje ubaoni ajibu," binti akasema.

Hakuna aliyeinuka. Mwalimu wa somo akageukia ubao, akaeleza upya, na wavulana wanne wakaonekana wakifuta majibu yao madaftarini.

Mtihani wa mwisho binti alikuwa wa sita. Si wa kwanza, lakini wanane waliokuwa nyuma yake walikuwa miongoni mwa waliocheka. Siku hizi anasomea upimaji wa ardhi chuoni.

Mwaka mmoja baada ya mtihani ule, wasichana wawili wasiofahamiana na Mama Futi walibisha hodi barazani, fomu mkononi.

"Shikamoo, mama. Wazazi wetu wanaogopa kuingia ofisini. Tumesikia wewe huogopi."

"Marahaba. Nani kasema siogopi? Siku ile nusura nirudi nyumbani nilipofika mlangoni pa ofisi," alisema, akijifuta nyuzi kwenye sketi. "Haya, tangulieni. Nafunika cherehani nije."